Mwanangu ana vidonda, na kidole changu nacho kimeanza

Shikamoo Mama Muuguzi,

Naishi Pasua, Moshi, kwenye nyumba ya kupanga yenye familia tano na bomba moja uani. Nina watoto wawili. Wa kwanza ana miaka mitano, yuko darasa la awali. Wa pili ni mchanga wa miezi mitano, bado ananyonya.

Wiki mbili zilizopita yule mkubwa alishikwa na mafua. Chini ya pua pakachubuka kwa kufutwa kamasi kila saa, nikawa nampaka mafuta ya mgando nikijua yatapita. Siku kama tatu baadaye kikatoka kipele cha maji, kikapasuka, kikaacha kidonda kinachochuruzika. Yale majimaji yakikauka yanakuwa kigaga cha rangi ya asali. Kikaja kingine kidevuni, kingine karibu na sikio, na sasa ukihesabu na vya mikononi na vya gotini vinafika tisa. Joto la Februari unalijua, na mbu ndio usiseme. Kila anapoumwa anajikuna, na kila anapojikuna panaota kidonda.

Nilianza kwa kufungua kidonge cha rangi mbili na kunyunyiza unga wake, kama nilivyofanyiwa mimi utotoni. Havikukauka. Mama mkwe akashuka kutoka Kibosho na alovera yake, tukapaka siku mbili, wapi. Juzi nikampeleka zahanati. Tabibu akasema ni maambukizi ya bakteria kwenye ngozi, yanaitwa impetigo, akatupa dawa ya kupaka mara tatu kwa siku na dawa ya maji ya flukloksasilini, mara nne kwa siku, siku saba. Leo ni siku ya tatu na naona vinaanza kukauka. Ila foleni ilikuwa ndefu, maswali yangu yote nikarudi nayo nyumbani.

Nimwogeshe au nisimwogeshe? Jirani anasema maji yanavisambaza, mama mkwe anasema vigaga viachwe vidondoke vyenyewe. Hiyo dawa ya maji ni chungu, anaitema, tunapigana kila mara. Kwa kuwa anaelekea kupona, siwezi kuiacha nikabaki na ya kupaka? Shuleni hawajasema neno, nimemzuia mwenyewe. Arudi lini?

Kinachoniumiza zaidi ni haya mengine. Wifi yangu, tumepakana chumba, amewakataza wanawe kucheza na mwanangu. Mwanawe mkubwa, ambaye naye usiku anajikuna mpaka tunamsikia ukutani, alimwambia mwanangu mbele ya watu, “Wewe usishike bomba.” Tangu siku hiyo mtoto anavaa sweta lenye kofia kutwa nzima, kwa joto hili, na hataki kulivua hata ndani. Mama mkwe naye ametamka kwamba mtoto wa mwanamke msafi hatoki vidonda. Mama, mimi nafua kila siku.

La mwisho ni dogo tu. Na mimi pembeni ya ukucha wa kidole cha shahada kimetoka kitu kama cha mtoto, kinatoa maji kidogo. Hakiniumi. Nauliza kwa sababu nakanda maandazi na chapati, nauza asubuhi hapo barabarani, na hiyo ndiyo kodi yetu ya nyumba. Nimekifunga kitambaa. Nadhani hakina shida?

Mama wa wawili, Pasua

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuuguza.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na jibu langu linaanzia pale ulipoandika “dogo tu”. Tafadhali, kesho usikande unga.

Kidonda cha mwanao na hicho cha kidoleni mwako yaelekea ni ndugu. Mara nyingi impetigo huletwa na bakteria aitwaye stafilokokasi, wakati mwingine na mwenzake streptokokasi, na wakati mwingine wote wawili kwa pamoja. Wanahama kwa kugusana. Wewe umemshika mtoto, umemfuta, umempaka dawa, na pembeni ya ukucha wa mtu anayekanda na kufua kila siku hapakosi kamchubuko. Ndipo walipoingilia.

Sasa uone kinachoweza kutokea jikoni. Unga unaukanda jioni kwa maziwa au tui, unaufunika, unauacha uumuke usiku kucha mahali penye joto. Stafilokokasi akidondokea kwenye chakula chenye joto namna hiyo huweza kuzaliana na kutoa sumu. Mafuta yanayochemka yatamuua bakteria mwenyewe, lakini ile sumu huvumilia moto, hata ukichemsha haiharibiki. Halafu kuna andazi ambalo limeshaiva: unalichukua kwa mkono, unalifunga kwenye gazeti, unampa mtoto anayekwenda shule. Mwenye kula sumu hiyo hushikwa na tumbo na kutapika ndani ya nusu saa hadi saa nane hivi. Kwa mtu mzima mwenye nguvu mara nyingi huisha kwa siku moja. Kwa mtoto mdogo au mzee, kutapika kwa siku moja kunatosha kumkausha maji mwilini.

Kitambaa ulichofunga hakizuii kitu, mwanangu. Kinaloa, kinanyonya yale majimaji, kisha kinayabeba hadi kwenye beseni la unga.

Najua kodi haisubiri kidole kipone, kwa hiyo sikwambii ufunge biashara. Nakwambia mikono yako ndiyo ipumzike. Mtafute mtu mwenye mikono mizima akukandie, akatie na auze, umlipe sehemu ya faida au mkubaliane siku za kumlipa. Wewe shika mkaa, maji, hesabu na kuagiza unga. Kwa dawa sahihi kidonda kidogo kama hicho mara nyingi hufunga ndani ya wiki. Kikishakauka kabisa, ngozi ikafunga na hakuna unyevu, rudi kwenye beseni lako. Lakini kwanza rudi zahanati ukakioneshe, kwa sababu pembeni ya ukucha huweza pia kutunga usaha kwa ndani, na hilo lina matibabu yake. Usionje wala kumegeana dawa ya maji na mtoto. Chupa ile imepimwa kwa uzito wake. Ukiigawa, yeye hatamaliza dozi na wewe hutapona. Hata ile ya kupaka, omba ya kwako.

Na mchanga wako endelea kumnyonyesha. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kumshika, na hicho kidole kifunikwe plasta isiyopitisha maji, ibadilishwe kila ikilowa. Jitazame matiti kila siku. Ukiona kipele au mchubuko unaotoa maji kwenye chuchu, usisubiri, kamuulize mtaalamu siku hiyo hiyo. Na yeye mtoto ukimwona na lengelenge hata moja, mpeleke siku hiyo hiyo pia. Mtoto wa miezi mitano ngozi yake ni changa na maambukizi humkimbilia haraka. Huyo hatumjaribishii dawa nyumbani.

Sasa tuje kwa mkubwa. Mwogeshe. Tena kumwogesha ni sehemu ya tiba, na hapa jirani na mama mkwe wamekosea wote wawili. Kigaga kile ni majimaji yaliyoganda, na chini yake bakteria wamekaa kama walio chini ya mwavuli. Ukipaka dawa juu ya kigaga umepaka mwavuli. Ndiyo maana hata ule unga wa kidonge cha rangi mbili haukusaidia: kidonge kile kilitengenezwa kimezwe, ukikimwaga kidondani kinaganda pamoja na majimaji na kuongeza gamba juu ya gamba. Alovera nayo haikumdhuru, ila ilikula siku mbili.

Fanya hivi. Chukua kanga iliyochakaa, ichane vipande vya ukubwa wa kiganja, vichemshe, vianike juani vikauke. Weka maji ya uvuguvugu kwenye beseni la mtoto huyu, lake peke yake. Kila kidonda kipate kipande chake. Lowesha kipande, kikamue kidogo, kilaze juu ya kigaga kama unavyomkanda mtu mwenye homa, kisha ngoja. Ngoja kweli, dakika tano, dakika kumi, ukimsimulia hadithi. Utaona kigaga kinabadilika: kilichokuwa kigumu na kinang'aa kama tone la sukari guru kinakuwa laini, kinafura kama utando wa uji, kingo zake zinainuka. Hapo ndipo unafuta, taratibu, kwa sabuni kidogo. Kinachotoka kitoke. Kinachong'ang'ania kiache mpaka jioni, maana ukikibandua kwa nguvu utatoa damu na kufungua mlango mwingine. Chini yake utakuta ngozi nyekundu, yenye unyevu, inayong'aa. Hapo sasa ndipo dawa ilikuwa ikipatafuta siku zote hizi.

Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Paka utando mwembamba kwa pamba safi, na pamba iliyokwisha kugusa kidonda isirudi mdomoni mwa tyubu. Vidonda vya mikononi na gotini vifunike kwa bandeji nyepesi inayopitisha hewa. Vya usoni viache wazi. Vile vipande vya kanga vitie kwenye sufuria vichemke tena, na mikono yako inawe kabla na baada.

Mkate kucha leo, fupi kabisa, na zako pia. Kucha ndiyo inayobeba ugonjwa kutoka puani kwenda gotini. Karibu mtu mmoja kati ya watatu hukaa na stafilokokasi puani bila kuumwa chochote. Mafua yakachubua ngozi, kidole kikaingia puani, kikatoka, kikakuna alipoumwa na mbu. Safari ya vidonda tisa ilikuwa hiyo tu. Kwa hiyo chandarua usiku, na kamasi lifutwe kwa karatasi laini inayotupwa, lisifutwe kwa leso inayokaa mfukoni kutwa.

Dawa ya maji usiikatishe. Vidonda kukauka siku ya tatu maana yake dawa imeanza kufanya kazi. Lakini huenda baadhi ya bakteria bado wapo, na ukiwaachia nafasi wanaweza kurudi. Siku saba zilizoandikwa ni siku saba.

Uchungu wake naujua. Nimewanywesha watoto wengi wodini na nimetemewa mpaka kwenye kofia. Flukloksasilini hunywewa tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula, kwa hiyo kuichanganya na uji wa bakuli zima hakufai. Tena bakuli likibaki nusu, na dawa imebaki nusu. Nunua bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe, bei yake ni ndogo kwenye duka lolote la dawa. Tikisa chupa, vuta kipimo, mkalishe akiwa ameinuka, mwingizie kidogo kidogo upande wa ndani wa shavu badala ya katikati ya ulimi. Amezee kwa maji, umlambishe sukari kidogo. Usimbane pua wala kumlaza chali, dawa itapita njia ya hewa. Akiitapika yote palepale, muulize mhudumu kama umrudishie. Dawa hii ikishachanganywa na maji hukaa kwenye friji. Huna friji, muombe mwenye nayo hapo uani akuwekee, na kama hakuna, mwambie mfamasia mapema akupe njia. Ikibaki baada ya siku saba, imwage, usimtunzie mtoto mwingine.

Jambo moja naliomba kwa nguvu: ukipita duka la dawa muhimu wakakupa tyubu ya bei rahisi wakasema inatibu kila kitu cha ngozi, iache hapo. Nyingi zina steroidi ndani, dawa ya kutuliza wekundu isiyoua bakteria. Wekundu utapungua, kidonda kitaonekana kimetulia, na chini bakteria wanaendelea kutambaa. Nimewaona watoto walioletwa vidonda vimeenea usoni kote baada ya wiki mbili za tyubu hizo.

Nyumbani, mpe taulo lake, shuka lake na mahali pake pa kulala kwa siku hizi, hasa mbali na mchanga. Huna kitanda cha ziada? Mkeka na shuka safi vinatosha. Shuka, foronya na nguo za ndani badilisha kila siku mpaka vidonda vikauke, zifue kwa maji ya moto kadiri nguo inavyovumilia, zianike juani, upige pasi ya moto. Midoli na vikombe vioshe kwa sabuni. Bomba la uani halina hatia yoyote. Akishika akiwa na vidonda vilivyo wazi mkononi, mwagie maji ya sabuni koki, basi. Na asipelekwe kwa kinyozi mpaka apone, maana mashine ikipita juu ya kidonda chake inampelekea na mwingine.

Shule arudi dawa ikiwa imefanya kazi saa 24 hadi 48 na vidonda vimekauka au vimefunikwa. Wewe uko siku ya tatu. Kesho asubuhi mtazame mlangoni penye mwanga. Vya mikononi na gotini vikiwa havichuruziki au vimefunikwa vizuri, na vya usoni vimekauka, mpeleke, na mwambie mwalimu ukweli. Mwalimu akijua atamtengea kikombe na kuwatazama wengine. Asipojua, wewe ndiye utakayekuwa na wasiwasi kila saa sita ya mchana.

Hilo linanipeleka kwa wifi. Uliandika kitu katikati ya sentensi kikapita kama hakipo: mwanawe anajikuna usiku mpaka mnamsikia. Mwanangu, kujikuna kunakozidi usiku ni dalili ya kwanza ninayoiulizia ninaposhuku upele, ule wa wadudu wadogo wanaochimba ngozi. Mtazameni katikati ya vidole, viwikoni, kiunoni na makwapani. Mchanga wako mtazame viganjani na kwenye nyayo. Upele ukiwepo ndani ya nyumba, watu wanajikuna, ngozi inachubuka, bakteria wanaingia, na utatibu impetigo leo irudi mwezi ujao. Tena upele hautibiwi kwa mtoto mmoja. Wote wanaolala pamoja hupaka dawa siku moja, na wote hufua siku moja. Watoto wenu wamekuwa wakicheza pamoja, wanalala pengine pamoja. Nani aliyemwambukiza nani sidhani kama kuna atakayejua, wala haina faida.

Nenda kwake leo jioni kabla hasira haijaongezeka. Mwambie, “Wifi, mwanangu ana ugonjwa wa ngozi, anatumia dawa, daktari kasema unaambukiza kwa kugusana kwa hiyo ulifanya vizuri kuwa mwangalifu. Nimesikia na mwanao anajikuna usiku, twende wote tukawaoneshe.” Sehemu ile ya “ulifanya vizuri” utaisema kwa shida, lakini ni kweli: kuwatenga watoto kwa siku mbili tatu za mwanzo ni sahihi. Kilichokosewa ni namna, na maneno ya bombani. Na kama mikono yake ni mizima, huyo ndiye wa kwanza ningemwomba akakande maandazi wiki hii. Mwenye kushika unga wako hatakuwa na muda wa kukusema.

Mama mkwe mheshimu, usimjibu kwa ukali, ila usilibebe neno lake. Mwaka 2015 watafiti waliokusanya taarifa kutoka nchi nyingi walikadiria kwamba watoto zaidi ya milioni 162 duniani huwa na impetigo kwa wakati mmoja. Hao si watoto wa wanawake wachafu milioni 162. Ni watoto wanaoishi penye joto, wenye kuumwa na wadudu, wanaolala wengi pamoja. Mimi nimewaona wa Njoro na nimewaona wa Shanty Town, mtaa wa wenye nacho hapo Moshi, na vidonda vile vile. Mpe mama kazi anayoiweza: akae na mjukuu wakati vigaga vinalowekwa, amsimulie. Hakuna anayejua hadithi za Kibosho kuliko yeye.

Sasa mambo ya kumkimbiza hospitali bila kungoja siku saba ziishe: homa, mtoto kulegea au kukataa kula, wekundu na joto linalosambaa kuzunguka kidonda, uvimbe unaouma, macho kuanza kuvimba, kidonda kuchimbika kwenda ndani kama shimo. Bila hayo, siku ya saba ikifika vikiwa havijafunga, au vikifunga na kurudi, rudi zahanati uombe rufaa. Wewe uko mahali pazuri kwa hilo: hapo Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, pana kituo kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi tangu 1992, na wanafunzi huja kutoka nchi nyingi za Afrika. Mtu wa Pasua hana sababu ya kukaa na kidonda kisichopona miezi.

Na hili naomba uliandike ukutani, kwa sababu linakuja wakati kila mtu ameshasahau. Streptokokasi huweza kuusumbua mwili baada ya vidonda kupona, hata wiki tatu hadi sita baadaye, na kinachoumia ni figo. Haitokei kwa wengi. Lakini miaka ile nikiwa wodi ya watoto alikuja mama mmoja anacheka, mwanawe kapona vidonda na sasa kanenepa mashavu. Nikamuuliza, ananenepa asubuhi au kutwa? Akafikiri, akasema asubuhi macho hayafunguki vizuri, jioni yanapungua. Nikaomba mtoto akojoe kwenye kopo. Mkojo ulikuwa kidogo, na rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea. Mtoto alilazwa siku hiyo, akapona, kwa sababu waliwahi. Basi mpaka Machi iishe na Aprili ianze, mtazame uso akiamka, na mara moja moja mwambie akojoe kwenye kopo jeupe uone rangi.

Ngozi yake itabaki na mabaka mepesi au meusi pale palipokuwa na vidonda. Usiyapake chochote cha kuyaondoa. Vidonda hivi kwa kawaida havichimbi kiasi cha kuacha kovu, rangi inarudi yenyewe taratibu, wiki hadi miezi.

Lile sweta lifue na shuka za leo, maana kofia yake inasugua kidonda cha karibu na sikio na kukirudishia kila ulichokifuta. Usimvue kwa nguvu. Baada ya kuogeshwa, kabla hajavaa, mkalishe mbele ya kioo, muhesabu pamoja vidonda vilivyokauka na ambavyo bado. Ashike hesabu mwenyewe. Kesho vikiwa vimepungua viwili, yeye ndiye atakayekwambia.

Niandikie kidole kikifunga.

Mama Muuguzi